Kava la Sindano

Mtaani walimwita Cheche, kwa sababu kutwa nzima alikuwa nyuma ya miwani ya kuchomelea, akiunga mageti na fremu za madirisha. Baba yake alikuwa fundi cherehani, chumba chake ukuta kwa ukuta na karakana ya binti. Huyo ujanani walimwita Sindano, na jina halikutoka kwenye kushona. Jumapili aliendesha pikipiki za mashindano, na wenzake walisema akiona upenyo wa upana wa kiganja kati ya waendeshaji wawili, yeye ameshapita. Labda walitia chumvi. Mzee hakuwahi kuwakanusha.

Alipoanza kuumwa tumbo, na madaktari wakaacha kuzungumzia kupona, Cheche alikata shauri amtengenezee pikipiki ya mashindano kama ile aliyoiuza mwaka binti alipozaliwa. Baba aikalie, auzunguke uwanja mara moja tu, basi. Akapata fremu kuukuu na injini iliyolala miaka kumi. Akamkalisha mzee kwenye benchi, ameinama kama yuko mbioni, akampima kwa tepu: kiuno hadi viganja, nyonga hadi visigino. Namba akaziandika ukutani kwa chaki. Pikipiki ya namna hiyo hutengenezwa kwa mwili wa mtu mmoja, kama suti. Mwingine akiipanda itamuumiza mgongo na kumtia ganzi mikononi.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni aibu kwa binti wa fundi cherehani. Sindano hakumaliza nguo ya mtu yeyote bila kumwita aje ajaribu, hata awe bwana harusi mwenye haraka. Nguo ilishikizwa kwanza kwa nyuzi ndefu, na ndani yake kipande cha karatasi kwa pini, chenye jina la mwenyewe na vipimo vyake. Cheche yeye alipima mara moja, akajifungia na chuma miezi saba.

Alikunja bomba la ekzosi, akagonga tangi mpaka likapata mabonde mawili ya kubania magoti, akarudisha vikanyagio nyuma, akateremsha usukani. Siku alipomwita baba aje aikalie, mzee alikuja amevaa sweta mbili, na jua linawaka. Akapanda. Vidole vikaishia hewani kabla ya kufika kwenye usukani. Akajisogeza mbele, akajitia kukohoa, akasema iko sawa kabisa. Alipokuwa akishuka, Cheche aliona mshono mpya kwenye suruali yake, kando yake mwingine, kisha wa tatu. Mzee alikuwa akizipunguza suruali zake mwenyewe, kimya kimya, mwezi baada ya mwezi.

Binti naye akajitia hamnazo. Kesho yake alikata usukani, akausogeza karibu. Wiki mbili baadaye ikawa zamu ya vikanyagio. Namba za ukutani zilifutwa na kuandikwa upya, kila mara ndogo zaidi, na kila alipomaliza kuunga, mwili wa baba ulikuwa umeshapungua tena.

Asubuhi moja mzee, ameketi mlangoni mwa karakana kama kawaida yake, alimtazama kwa muda mrefu alivyoinama juu ya injini.

"Cheche, mwanangu," akasema. "Acha kunifuata. Jipime wewe."

"Hii ni yako, Baba."

"Mimi sina kipimo tena. Utamaliza kushona, mteja ameshaondoka."

"Basi mteja asubiri," akajibu kwa ukali, akashusha miwani baba asimwone machozi. Jibu lile lilimtesa baadaye. Lakini hakujipima. Kujipima aliona ni kumzika mtu anayekunywa chai mbele yake.

Mzee hakubishana. Aliomba jambo moja tu, kwamba kava la kiti alishone yeye. Akapewa kipande cha ngozi nyeusi, na wiki tatu nzima cherehani ilisikika upande wa pili wa ukuta: mishono michache, kimya kirefu cha kupumzika, mishono michache tena. Alipomaliza alilikunja, akalifunga kwa kamba na kusema lisifunguliwe mpaka siku ya kulivalisha. Siku tisa baadaye aliaga dunia, mchana, binti amemshika mguu.

Karakana ilifungwa miezi miwili. Cheche aliporudi alijiapiza kumaliza kwa kipimo cha mwisho cha baba, liwalo na liwe, hata kama hakuna atakayeipanda. Akafungua kamba, akalivalisha kava. Lilipwaya nyuma, na kwa urefu lilizidi kwa kiganja kizima. Moyo ulimuuma kuliko siku ya mazishi. Kumbe baba alifika mahali ambapo hata macho na mikono vilimsaliti, na yeye akamwacha akihangaika na cherehani. Akaligeuza kava atafute pa kupunguza.

Ndani palikuwa na kipande cha karatasi, kimeshikizwa kwa pini. Kiliandikwa "Cheche". Chini yake zilifuata namba, kiuno hadi viganja, nyonga hadi visigino, kwa mwandiko uliotetemeka. Alimwita mama mwenye duka la jirani amshikie tepu, akakaa kwenye benchi, akainama. Namba zote zilikuwa sahihi. Mzee alimpima kwa macho, pale mlangoni, miezi yote ile. Cheche akalia palepale alipoinama, na mama yule akaenda kurudishia mlango.

Kisha akakata bati la kiti na kuanza upya. Usukani ukaenda mbele, vikanyagio vikarudi chini, kava likakaa bila mkunjo hata mmoja. Siku alipoipeleka uwanjani aliikalia kabla ya kuiwasha. Mikono ikafika, magoti yakaingia kwenye mabonde ya tangi, na haikumbana popote. Akageuka nyuma, kama walivyozoea kugeuka wateja wa baba yake mbele ya kioo, amwonyeshe fundi. Ilikuwa siku ya kujaribu, na fundi hakuwepo.