Jicho la Wifi Scolastika

Wifi yangu Scolastika, wa kule mji wa Didia, ni dalali wa ng'ombe. Uzito anaukadiria kwa macho, na macho hayo hayapumziki hata akiwa sebuleni kwangu.

Binti yangu Mariana alipoacha kula akiogopa kunenepa, hospitali walianza kumwekea kichwani mashine ya sumaku ya kuchochea ubongo, bila kisu wala sindano. Wifi alicheka: "Anayekataa chakula ni tumbo, nyie mnatibu kichwa?"

Taratibu Mariana akaanza kula. Jumapili wifi akaja, akamminya mkono mbele ya wageni. "Mwanangu umenenepa. Mnadani wangekugombania."

Mariana akasukuma sahani.

Nikampigia daktari simu, nikamuuliza kama mashine yao inawafaa na mashangazi.