Siku ya Kuandikisha Mbegu, Namawala

Nilikuwa nimepanga chumba mjini, mtaa wa Mlabani, peke yangu, nikifanya utafiti wa shahada ya uzamili juu ya misaada ya kibinadamu: baada ya mafuriko, nani hupata, nani hukosa, na kwa nini. Hakuna shirika lililonituma, na nilijisifu kwa hilo. Nilidhani mtu asiye na shirika hawezi kumdhuru yeyote.

Asubuhi moja nilipanda bodaboda hadi Namawala. Watu wa pale wamezoea watafiti. Miaka nenda rudi wamehesabiwa mbu vyumbani mwao na kutobolewa vidole. Hata kuku wao hawashtuki wakiona mtu na daftari. Na wamezoea jambo jingine: fomu ikija ukaweka dole gumba, umeingia kwenye orodha, na kwenye orodha hakukosi kutoka kitu, chandarua au dawa. Haya niliyajua. Nilikuwa hata nimeyaandika kwenye pendekezo langu la utafiti, kwa lugha ya kujidai.

Bibi niliyemwendea alikuwa mjane, Mndamba, mkulima wa mpunga. Mafuriko ya masika yalikuwa yamemchukua mjukuu wake. Nilimsomea fomu ya ridhaa, nikamwambia kushiriki ni hiari na hakuna malipo. Akaitikia "eeh, eeh," akachovya dole kwenye wino, akabonyeza. Kisha akajiweka sawa mkekani, akaanza kusimulia.

Alipofika pale maji yalipoingia ndani, pikipiki ikapita barabarani na kipaza sauti: walioathirika na mafuriko wote wafike ofisi ya kijiji kuandikishwa mbegu za mpunga, mwisho leo saa sita mchana. Nilisikia kila neno. Bibi naye alisikia. Hakuinuka.

"Tuendelee, mwanangu," alisema.

Nami nikaendelea, Mungu anisamehe. Nilijidanganya kwamba bado mapema, atawahi. Ukweli ni kwamba alikuwa amefika penyewe katika simulizi yake, na niliogopa akiinuka hatarudi tena palepale. Akanieleza alivyomshika mtoto mkono, na mkono ulivyomponyoka. Niliandika mpaka vidole vikaniuma. Saa sita ikapita.

Mbegu zilipokuja kugawiwa wiki kadhaa baadaye, majina yakasomwa, lake halikusomwa. Nilimkuta uani kwake, kiroba kitupu kiko begani bado.

"Jina langu halipo," akaniambia. "Si uliniandika wewe?"

Jamani! Nikamweleza kwamba fomu yangu ilikuwa ya chuo tu, haikuwa ya mbegu. Alinitazama kama mtu anayesikiliza habari za msiba wa mbali. Nikakimbia kwa mtendaji wa kijiji. Akafungua orodha, akaifunga.

"Maji yakimwagika hayazoleki, dada," alisema. "Saa zile ulikuwa naye wewe. Si ungemwinua?"



Nilirudi kwa bibi, nikapiga magoti, nikamwomba msamaha, nikamwambia mbegu nitamnunulia mimi.

"Lete," alisema. "Nitapanda. Shamba halijui hasira." Akakishusha kiroba. "Lakini yale ya mtoto unirudishie. Sijawahi kumwambia mtu, hata padri. Nilikuambia kwa kuwa nilidhani ndiyo njia ya kuandikishwa. Nisingemwambia mtu anayetafuta digrii."

Nikasema sawa. Sura nzima ya tasnifu yangu ilikuwa imesimama juu ya maneno yake, na msimamizi wangu alikwisha kuyasifu.

Kesho yake nilimpelekea mbegu na daftari. Akataka nimsomee kwanza. Nilisoma kurasa zote, naye ameinamisha kichwa. Mahali pamoja tu alinikatiza.

"Si wa kulia," alisema. "Nilimshika mkono wa kushoto."

Bila kufikiri nikachukua kalamu nisahihishe. Akafunika ukurasa kwa kiganja chake.

"Basi," alisema. "Usiandike tena."

Nikachana kurasa zile moja moja, nikampa.