Marehemu Aliyekwepa Shimo Lisilokuwepo

Tulikuwa katikati ya kilio cha Anselme wakati Anselme mwenyewe aliponipita kwa upande wa kushoto, akanikatia kona, akaendelea na safari yake.

Sikuwa nimekunywa. Ningekuwa nimekunywa ningesema.

Nieleze pole pole.

Ninapanga chumba kwenye lupango ya Mama Kasoki, ua wa nyumba za kupanga, hapa commune ya Kenya (mtaa, si nchi), mjini Lubumbashi. Mama Kasoki ni mfanyabiashara, mzaliwa wa Butembo, anauza maharagwe kwa magunia, depo yake wanaijua mpaka watu wasiokula maharagwe. Bwana yake, Anselme, kazi yake ilikuwa kwenda Goma kuleta mzigo.

Kazi yake ya pili, ile aliyoifanya kwa moyo, ilikuwa mbio za magari kwenye mtandao.

Usicheke. Tuna ligi. Kila Jumamosi mchana, kila mtu kwake na kompyuta yake na volant yake, usukani wa plastiki, tunakimbizana kama watu wasio na madeni.

Zamani tulikimbia kwenye njia za Wazungu, laini kama meza. Zilituchosha. Basi Merdi, anayetengeneza simu karibu na soko, akachora njia yetu wenyewe: soko la Kenya, karakana za wachomeleaji, kanisa, mpaka mlango wa lupango yetu. Akaweka na mashimo yote. Merdi ni mtu wa haki, barabara bila mashimo angeionea haya.

Mwezi wa kwanza, Anselme akaaga kwamba anakwenda Goma. Kwenye begi alitia mashati mawili na ile volant. Akasema kuna fundi kule atamtengenezea.

Mfanyabiashara anakwenda kununua maharagwe na usukani wa mchezo. Na sisi wote tukamtakia safari njema. Akili zetu wakati ule sijui tulikuwa tumemwazima nani.

Kisha Goma ikaangukia mikononi mwa waasi.

Mnakumbuka zile siku. Simu za kule kimya, ndege hakuna, benki zimefungwa, kwenye picha watu wanatembea na magodoro kichwani. Na huku kwetu kila mnywaji wa bia akawa jenerali.

Mama Kasoki alipiga simu mpaka ikamuunguza sikio. Halafu mtu mmoja wa kanisani akaja na habari: amesikia kwa mtu, aliyesikia kwa mtu, kwamba mfanyabiashara mmoja mrefu, mwenye kofia, ameonekana amelala barabarani na haamki.

Kwetu hiyo inatosha. Kofia ngapi ziko Goma?

Kilio kikafunguliwa. Bâche, turubai la kivuli, ikafungwa uani, viti vikaja, bukari na sombe vikapikwa, waimbaji wakafika. Mimi napenda nyumba iliyojaa, siwezi kudanganya, lakini kumuona yule mama chini kwenye mkeka, bila viatu, kitambaa kichwani, kulinikata maini.

Shemeji yake, Paluku, ndugu ya Anselme, naye alihuzunika sana. Alihuzunika mpaka akaomba funguo za depo, kwa usalama tu. Kilio kikiisha, akasema, familia itakaa na kuangalia mali ya marehemu. Kuangalia. Watu wote tulijua macho hayo yana mikono.

Pembeni ya Mama Kasoki alikaa Mama Mawazo, wa Maniema. Mwanae ni fundi wa magari Goma na mama huyo pia hakuwa na habari zake. Watu walimshauri afungue kilio chake, viti si viko tayari?

Alijibu neno moja tu: "Miye nangojea."

Ikafika Jumamosi. Ligi ikaamua kufanya mbio ya heshima kwa Anselme, kwenye njia ya Kenya. Tulipanga magari, tukawasha taa, tukanyamaza kidogo kumkumbuka. Kulikuwa na dereva mpya, amejiandikisha kwa jina la Mugeni. Naye alinyamaza pamoja nasi, kwa adabu kabisa.

Alikuwa anajiombolezea, mshenzi.

Tukaondoka. Nje wanaimba nyimbo za kilio, ndani mimi nakanyaga mafuta. Mugeni akanipita. Tulipofika mbele ya mlango wetu akakwepa: kuume, halafu kushoto. Akakwepa hewa.

Mzunguko wa pili, tena. Tulikaribia kugongana, maana na mimi nilikuwa nakwepa.

Hapo nikaacha kukanyaga mafuta.

Mbele ya lupango yetu kuna shimo. Mvua ililifungua baada ya Merdi kumaliza kuchora, kwa hiyo kwenye mchezo halimo. Mgeni wa kweli angepita moja kwa moja. Ni sisi tu tunaoingia na kutoka kwenye mlango ule ambao mikono yetu inalikwepa bila kutuuliza.

Nikamwandikia Merdi: huyu Mugeni yuko wapi? Akajibu kwamba anacheza kutoka hapa hapa mjini, mtandao wake ni mwepesi kama wetu.

Kabla sijamjibu, gari la Mugeni likasimama, likapotea. Na la Bwalya, mwenzetu wa ligi anayekaa commune ya Kampemba, likapotea sekunde ile ile.

Kila mtu Lubumbashi anajua zamu za kukatwa courant, yaani umeme, kuliko anavyojua siku za kuzaliwa za watoto wake. Jumamosi mchana ni zamu ya Kampemba.

Na Kampemba yuko Dorcelle, muuza nywele za bandia, ambaye avenue nzima ilijua ni nani kwa Anselme. Avenue nzima, isipokuwa mke wake. Ndivyo tulivyodhani.

Nikatoka, nikainama kwenye mkeka, nikamnong'oneza Mama Kasoki yote. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja.

"Alikwepa kuume kwanza, ao kushoto?"

"Kuume, mama."

"Njo yeye."

Akasimama, akafunga vizuri kitenge chake, akawaambia vijana wafungue bâche. Paluku akaruka: kilio hakiishi hivyo, desturi iko wapi?

"Haiishi, shemeji," akasema. "Inahama."

Tukapakia kwenye kamio, lori la depo, viti, sufuria, waimbaji na mchungaji. Mama Mawazo alibeba picha ya marehemu. Tulipofika kwa Dorcelle tukafunga bâche yetu mlangoni na wimbo ukaanza upya.

Dorcelle akatoka na kichwa nusu kimesukwa, akauliza kuna nini.

"Pole, dada," Mama Kasoki akamwambia. "Tulisikia marehemu iko hapa."

Ndani hakuna courant, feni imekufa, joto la mwezi wa pili. Hata maiti ingetoka. Anselme akatoka na singlet, jasho likimtiririka, akaanza kueleza kwamba Mungu amemponya, ametoka Goma leo asubuhi kwa kupitia Zambia, amepitia hapa tu kunywa maji. Mchungaji akasema haleluya mapema kidogo.

Watu wakacheka. Mama Mawazo hakucheka. Aliweka picha chini, akamsogelea.

"Papa Anselme, kama umetoka Goma leo, magaraji ya kule iko namna gani? Mutoto wangu iko kule."



Anselme akavuta singlet yake chini. Akaangalia miguu yake. Nimemuona akishindwa mbio nyingi, lakini vile, hapana.

Mama Kasoki akamgeukia Paluku.

"Shemeji, ulitaka mali ya marehemu. Hii hapa. Mubebe."

"Kasoki, bibi yangu," Anselme akaanza.

"Bwana yangu nilishamulilia," akasema. "Machozi ya mara ya pili sina."

Akapanda kamio, funguo za depo kiunoni.

Leo Anselme analala sebuleni kwa Paluku, ambaye sasa haangalii tena mali ya mtu. Dorcelle amebadilisha kufuli. Merdi ameweka lile shimo kwenye njia, tunaliita Shimo la Marehemu, na wageni wanatumbukia humo kila Jumamosi.

Mama Mawazo bado anangoja. Jioni Mama Kasoki hukaa naye, simu katikati yao, chaji imejaa.

Funzo? Ukitaka kufa, kufa pamoja na mikono yako. Ukiiacha hai, itakumbuka njia ya nyumbani.