Kinjia Katikati ya Vifaru

Nilipopunguzwa kazi katika ofisi ya ramani, nilitoka na kiinua mgongo kisichofika mbali na lenzi moja ya mkononi ambayo hakuna aliyeiulizia. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa kwa kila mtu. Songea ilijaa mitumba, redio za betri, na watu ambao jana walikuwa watumishi wa serikali na leo wanauza sabuni za vipande. Mimi sabuni sikuiweza. Sina uso wa biashara. Mteja akisema bei ni kubwa, nakubaliana naye.

Kazi iliyonipata ilikuwa ya ajabu kidogo. Mzungu mmoja, mtafiti, alikuwa amepanga chumba kwenye nyumba ya wageni akifuatilia vita vya ng'ambo ya mto Ruvuma. Vita vilikuwa vimetulia, wakubwa wako mezani wanazungumza, na yeye alitaka kujua jambo moja tu: jeshi la ng'ambo lilikuwa limebakiwa na vifaru vingapi vya akiba, na kama vinaweza kutoka tena. Kwenda kuvitazama haikuwezekana. Alichokuwa nacho ni picha za setilaiti, zilizopigwa kutoka juu kabisa ya dunia, ambazo kwa miaka mingi walikuwa wakiziona wanajeshi peke yao na sasa zilikuwa zinauzwa kama mitumba mingine. Alihitaji mtu aliyezoea kusoma ardhi kutoka juu. Nilikuwa nimesoma picha zilizopigwa kutoka ndegeni tangu ujana wangu, basi tukaelewana.

Kifaru kikitazamwa kutoka juu hakitishi hata kidogo. Ni kidoa tu, kama punje ya mchele iliyoanguka sakafuni. Vilipangwa safu kwa safu kwenye uwanja ulio chini ya kilima, na kazi yangu ilikuwa kuvihesabu kwenye picha ya zamani, kuvihesabu tena kwenye picha mpya, kisha kusema kama kuna kilichosogea. Hakikusogea hata kimoja. Mtafiti akasema maana yake akiba ipo kamili. Nikamwambia inawezekana pia kwamba vimeoza. Lori la ushirika lililowekwa juu ya mawe bila injini, ukilitazama kutoka juu, bado ni lori. Akacheka, akakubali, akaandika yote mawili. Nilimpenda kwa hilo, ingawa kahawa yake ilikuwa mbaya.

Picha nilizileta nyumbani Majengo kwa sababu baraza yangu ilikuwa na mwanga mzuri. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mama mmoja wa ng'ambo, aliyevuka mto na watoto wake vita vilipopamba moto. Aliishi kwa kibarua cha jembe. Misimu kadhaa alikwenda kulimia watu milimani Umatengo, na huko akajifunza ngoro. Unafyeka majani, unayalaza kwa mistari ya kukatizana mpaka yafanye miraba, kisha unachimba udongo wa katikati na kuyafunika. Linabaki shamba la mashimo mashimo, kama kikaango cha vitumbua, na mazao yanapandwa kwenye kingo. Wamatengo hulima hivyo kwenye miteremko mikali ili mvua isiondoke na udongo.

Yeye aliporudi akachimba ngoro kwenye kiwanja cha kuazima nyuma ya nyumba zetu, mahali ambapo mteremko wenyewe ni wa kuambiwa. Wangoni tulimtania sana. Tulimuuliza kama anataka kufuga samaki. Akatujibu kwamba tusije kuomba maharage, nasi maharage yalipoiva tulikwenda kuomba.

Mwaka ule mwenye kiwanja alipata mteja aliyetaka kujenga duka. Kila mtu alikuwa anauza viwanja. Mama akaambiwa avune, lakini asipande tena. Kwao alikuwa na shamba lake mwenyewe, ila habari zilizovuka mto zilisema eneo lote limetegwa mabomu ardhini. Aende na watoto kabla ya mvua, au abaki mjini bila pa kupanda? Hilo ndilo lililomnyima usingizi, na alilisema waziwazi kwa kila aliyesimama kumsalimia.

Sikumwita aje kuona picha. Alikuja mwenyewe kuomba moto, akanikuta nimeinamia lenzi, akauliza ni wapi pale. Nilipomtajia kilima, akaweka kigae chake cha makaa chini. Kilima kile ndicho kilima chao. Nikampa lenzi. Ilimchukua muda kuzoea kwamba anatazama kutoka juu, na mapaa ni hivi, na miti ni vile. Vifaru hakuvijali. Kidole chake kilitafuta mto, kikatafuta kisima, kisha kikasimama kwenye uzi mweupe uliokatiza katikati ya safu.

"Kaka, hii ni nini?"

Nikamwambia ni njia ya miguu. Njia huonekana nyeupe kwa sababu nyayo huua majani. Kwenye picha ya zamani haikuwepo.

"Ya askari?"

Nikasema sijui. Askari nao wana miguu. Lakini kinjia hakikwenda langoni wala kwenye mabanda yao. Kilitoka kisimani, kikapita kati ya vifaru, kikapanda kilima.

"Hii ni ya wanawake," akasema. "Wanakwenda kuteka maji. Sisi tulikuwa tunazungukia mbali, askari walikuwa wanatufukuza."

Hapo ndipo nilipoogopa. Nilimweleza kwamba picha ile ni ya miezi iliyopita, na kwamba inaonyesha nyayo zilipopita, haionyeshi kilichofukiwa hatua moja pembeni. Mtafiti naye nilipompelekea habari alisema yale yale kwa upole zaidi, akashauri mama angoje. Nilirudisha ushauri ule kama ulivyo. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, amefunga mikono kifuani.

"Basi nitakanyaga palipokanyagwa," akasema.

Aliondoka na watoto kabla ya mvua, juu ya lori lililokuwa linaelekea kusini. Aliniachia maharage kwenye sufuria yenye kifuniko cha mfuko wa sukari. Nyuma ya nyumba yangu wakafukia ngoro zake na kuanza kujenga duka. Habari zake hazikuja. Niliwauliza waliotoka upande ule, kila mmoja akasema hamjui. Masika nzima sikuwa na raha, na maharage niliyala taratibu kuliko njaa yangu ilivyotaka.

Mvua zilipokwisha, mtafiti akapata picha mpya. Nilihesabu vifaru kwanza, kwa kuwa ndiyo kazi aliyonipa. Vilikuwa pale pale, punje zile zile, safu zile zile. Kisha nikaanzia kisimani na kufuata kinjia. Kilikuwa kimepanuka. Nikapanda nacho kilima hadi kwenye mashamba yenye matuta marefu, kama yanavyolimwa ng'ambo yote. Na kwenye mteremko, katikati ya matuta yale, palikuwa na kipande kimoja kidogo cha mashimo mashimo.

Nikafuta lenzi kwa shati, nikatazama tena.

Mtafiti, kalamu mkononi, akaniuliza kama safari hii kuna kilichosogea.

"Kipo," nikamwambia. "Jirani yangu amefika kwao."