Karatasi ya Chumvi Iliyomfukuzisha Deo Shule

Naanza na kosa lenyewe, maana nikianza na visingizio sitafika. Nilimwacha mwenzangu abebe wizi ambao hakuufanya, nikijua kabisa hana hatia. Akafukuzwa shule. Mimi leo ni mwalimu wa Kemia, na binti yake ananiamkia shikamoo kila asubuhi. Jina langu halitawafaa kitu. Yeye nitamwita Deo, ingawa si jina lake.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, vita vimekwisha juzi juzi na madukani hakuna kitu. Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya wazazi karibu na Omurushaka. Baba alikuwa na duka pale senta. Sisi ni Waislamu, babu alitokea Pangani, na kwa Kiswahili changu cha nyumbani wenzangu waliozoea Kinyambo waliniona nina akili kuliko nilizokuwa nazo. Na mimi nikajiona hivyo hivyo. Mdomo nilikuwa nao, jamani, tena wa kuazima watu.

Shule nzima ilikuwa na kitabu kimoja cha Kemia. Kilipofika kidato chetu kilikuwa kimeshachanwa kurasa za nyuma, zile zenye jedwali la elementi, na aliyezichana hakujulikana. Mwalimu wetu, kijana aliyetoka kumaliza kidato cha sita, alituchorea ubaoni zile chache anazozikumbuka, halafu anasema, "Nyingine zipo, mtakutana nazo mbele ya safari." Kupata chati ya elementi Karagwe wakati ule ilikuwa kama kutafuta sukari.

Basi siku moja baba anakwenda Bukoba kutafuta bidhaa, mwalimu akaniita. "Nenda na mzee wako. Kuna shule kule ina chati kubwa ukutani, nimeshaongea na mwenzangu anayefundisha pale. Nakili yote. Jina, namba, uzito. Usiache hata moja."

Nilikwenda, na chati nikaonyeshwa. Nikanakili majina na namba zote, halafu nikaanza uzito. Mistari ya juu niliiandika vizuri. Ila binti wa shangazi yangu wa pale mjini alikuwa ananisubiri twende kwa fundi kupima gauni la Idi, na mimi gauni lile nililiota mwezi mzima. Nikasema nitarudi mchana nimalizie. Mchana nikakuta darasa limefungwa na kufuli, na lori letu linaondoka alfajiri.

Sasa ningefanya nini? Ningesema kweli, hilo ndilo ningefanya. Badala yake nilikaa juu ya magunia ndani ya lori, nikaujaza uzito uliobaki kwa kubuni. Nilikuwa nimeshaona kwamba namba zinapanda, basi nikazipandisha. Nikaona nimepatia.

Mwalimu alifurahi mpaka akanishika mkono mbele ya darasa. Akatuambia tukusanye viberiti vitupu, kila mtu alete vya kwao. Tukavibandika kwenye ubao mrefu, kila kiberiti elementi yake, ukivuta kidroo unakuta kikaratasi chenye jina, namba na uzito. Na kitu chenyewe kama kipo: msumari kwenye chuma, kaa kwenye kaboni, kipande cha waya kwenye shaba. Mtoto anakwenda, anavuta, anasoma, anarudisha. Tulikuwa tunagombania zamu.

Deo ndiye aliyeupiga randa ule ubao. Familia yao ilitoka Rwanda zamani, wakulima wa Kimuli, na baba yake alikuwa akichimba bati kule Kyerwa. Deo alipanga kachumba Omurushaka, anajipikia, Jumamosi anapakua kahawa kwenye malori ili apate karo. Mpole, haongei mpaka aulizwe. Alileta kichembe cha bati alichopewa na baba yake, akakitia kwenye kiberiti chake kwa vidole viwili kama anaweka yai.

"Hili ni la kwetu," akaniambia. "Kumbe na sisi tumo humu ndani."

Ubao ukapata sifa. Wageni wakija, mkuu wa shule anawapeleka kwanza pale. Ananiita, "Huyu ndiye aliyekwenda Bukoba." Baba dukani naye anamsimulia kila mteja. Mimi nacheka kwa nje, ndani naungua. Kila kidroo kikivutwa natazama pembeni. Mara mbili tatu niliamua kumwambia mwalimu, nikafika mlangoni kwake nikaishia kuomba chaki. Ningesemaje, na wageni wameshanipigia makofi?

Siku ya siku, Deo akanyoosha mkono darasani.

"Mwalimu, bati kwenye kiberiti lina uzito wa tisini na tano. Hapa wanasema mia na kumi na tisa. Na siyo hilo tu, mstari mzima hauendi sawa."

"Hapa wapi?"

Akatoa karatasi mfukoni. Imekunjwakunjwa, ina alama za unyevu. Ukurasa wa kitabu cha Kemia, jedwali lenyewe limepigwa chapa safi. Niliutambua kabla hajaufungua wote. Baba alikuwa amenunua gunia la karatasi chakavu, vitabu vizee vya shule za mbali, kwa sababu hata magazeti ya kufungia bidhaa yalikuwa adimu. Mimi mwenyewe nilikuwa nachana zile kurasa na kufungia watu chumvi na karanga. Wallahi sikuwahi kuzisoma. Jedwali zima lilikuwa chini ya meza ya duka letu, na mimi natumwa Bukoba.

Mwalimu akamwita mkuu. Mkuu akaja na kitabu cha shule mkononi, akaona pale palipochanika, akaona karatasi ya Deo, akaunganisha mwenyewe.

"Kumbe ni wewe uliyekichana kitabu!"

"Hapana, mkuu. Nilinunua chumvi, ikafungwa humu. Dukani kwa baba yake huyu hapa. Mwulizeni."

Darasa zima likanigeukia. Deo naye akaniangalia, wala hana wasiwasi, maana alijua nitasema tu kilichopo. Lilikuwa neno moja, ndiyo. Lakini nikisema ndiyo, ile karatasi inakuwa ya kweli, na chati yangu inakuwa ya uongo, na gauni la Idi linajulikana.

Nikasema, "Dukani kwetu hatufungii kwa vitabu. Tunafungia magazeti."

Nilisema kwa Kiswahili changu kile kizuri, bila kupepesa. Mkuu akasema atapita dukani kuhakikisha.

Hapo ndipo nilipojua maana ya kutegwa na mtego wako mwenyewe. Nilikimbia nyumbani. Baba alikuwa safarini, mama yuko jikoni. Nikalivuta lile gunia mpaka nyuma ya nyumba, nikalichoma moto, elementi zote zikaenda moshi. Kurudi dukani nakuta mdogo wangu ameshamfungia bibi mmoja karanga kwenye ukurasa wa kitabu, bibi huyooo anateremka barabarani. Nikamkimbilia. "Bibi, shikamoo, nipe nikubadilishie karatasi, hiyo chafu." Bibi akanitazama sana. "Karanga zangu zina nini?" Akagoma. Nikamwongezea konzi la karanga za bure ndipo akaniachia ile karatasi. Wiki nzima niliishi hivyo, kila anayetoka kwetu na kifurushi namwangalia mikono. Ningewezaje kujua ngapi zilishatoka kabla?

Mkuu alipita, akanikuta mimi kaunta, akaona magazeti. Nilikuwa nimeyaomba kwa majirani. Akatikisa kichwa akaondoka.

Baba aliporudi akauliza karatasi zake ziko wapi. Nikamdanganya, halafu uongo ukanishinda nikamwambia yote. Baba alikaa juu ya gunia la chumvi, kofia mkononi. Akasema, "Nakwenda kwa mkuu sasa hivi." Nikampigia magoti, nikamshika kanzu, nikalia kwamba nitafukuzwa mimi, kwamba Omurushaka yote itatucheka. Alifika mpaka mlangoni. Kisha akarudi ndani, akavua viatu akavaa ndara.

"Umenitia kitanzini na mimi," akasema.

Hakulisema tena jambo lile mpaka anaingia kaburini. Ila aliacha kunisimulia kwa wateja.

Mkuu alikuwa ametangaza kwamba aliyechana kitabu akikiri mwenyewe mbele ya paredi atafikiriwa. Basi baba yake Deo akaja kutoka Kimuli, amebeba debe la maharage kumpa mkuu, akamsimamisha mwanawe mbele yetu. Mzee wa watu alikuwa ameshamchapa huko nyumbani mpaka kijana akachoka kukataa. Deo akapiga magoti kwenye kokoto.

"Ni mimi niliyechana. Naomba mnisamehe."

Nilikuwa mstari wa mbele. Niliweza kuona vumbi kwenye kope zake. Hakuniangalia hata mara moja. Mkuu akapokea maharage, na kijana akamfukuza vilevile, ili iwe fundisho. Deo akaenda kuchimba bati na baba yake.

Chati ya uongo ikabaki ukutani mpaka tukamaliza. Mimi nilifaulu kwa kukariri vitabu vya wenzangu wa mjini nilipokwenda likizo kwa shangazi. Sikumpelekea mtu yeyote pale shuleni hata ukurasa mmoja, kwa kuwa ningeulizwa mbona hautofautiani na wa Deo.

Nikasoma, nikawa mwalimu. Wakanipanga wilaya hii hii. Nikaomba uhamisho niende popote, hata kusini kabisa. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ikajibiwa: wakanihamishia sekondari ya Kimuli. Mungu ana namna yake ya kuniwekea mikono mabegani. Mume wangu anasema nina bahati, tumekaribia mashamba ya kwao. Yeye hajui lolote, na kadiri miaka inavyokwenda nashindwa hata mahali pa kuanzia kumwambia.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu mbona haina mwisho?

Huko Kimuli nikasikia jina la Deo. Wanamwita mtu mzuri, mchapakazi, "ila yule alifukuzwa kwa wizi wa kitabu." Jumuiya yao ya kanisani ilipotafuta wa kutunza sadaka, mtu mmoja akalitaja jina lake, wengine wakakohoa. Akachaguliwa mwingine. Hayo nimeyasikia kwa masikio yangu, nimesimama na kikapu changu sokoni, nikanunua nyanya nikaondoka.

Mwaka huu binti yake mkubwa ameingia kidato cha kwanza, darasani kwangu. Ana kichwa cha baba yake. Shule sasa ina chati halisi ukutani, na mimi ninavyo vitabu viwili vizuri, basi Jumamosi anakuja nyumbani kuvisoma. Deo alimleta mwenyewe mara ya kwanza, na mkungu wa ndizi kichwani. "Mwalimu, msaidie huyu," akasema. "Mimi mwenyewe niliishia njiani, unajua." Alisema bila kinyongo. Nimejiuliza mno kama anajua kwamba nilijua. Nadhani alijiambia zamani kwamba sikuwa na habari na karatasi za duka la baba yangu, kwa sababu kufikiri vingine kungemuumiza zaidi.

Jumamosi iliyopita mtoto alikuwa anasoma, akainua uso.

"Mwalimu, shikamoo." Alishanisalimia alipoingia, akasalimia tena, nikajua ana neno. "Wanafunzi wananitania kwamba baba aliiba kitabu cha Kemia. Nimemwuliza, akaniambia ni kweli, alikiri mbele ya shule. Lakini nyumbani kwetu hajawahi kuchukua hata ndizi ya mtu. Wewe ulisoma naye. Ni kweli?"

Mara ya pili maishani, neno moja tu. Na sasa hakuna mkuu, hakuna paredi, ni mtoto na mimi na birika la chai.

Nikasema, "Soma, mama. Hayo ni ya zamani."

Akainamisha kichwa. "Basi ni kweli," akasema taratibu, akaendelea kusoma. Nikaona machozi yanadondoka kwenye kitabu, naye anayapangusa haraka asije akaniharibia.

Kesho yake jioni Deo akaja. Alivua kofia pale mlangoni, hakutaka kukaa.

"Waitu, Mwalimu," akasema kwa ile heshima ya kwetu huku. "Nimesikia mtoto amekusumbua na mambo ya aibu yangu. Nimemkanya. Naomba unisamehe, usimnyime vitabu kwa ajili yangu."

Mdomo ule niliojivunia, zamu yake ilikuwa imefika. Nilijua kabisa hapa ndipo pa kusema. Mume wangu yuko sebuleni anasikiliza redio, watoto wangu wako uani, na mwenye haki yake amesimama mbele yangu ameshika kofia.

Nikamwambia, "Usijali, Deo. Nimekusamehe."

Akanishukuru. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda zake.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo, na sistahili. Wewe unayesoma hapa, huenda unao uongo wako mdogo, wa gauni tu, wa kuogopa kuchekwa. Utoe leo, ukiwa bado unaweza kuunyanyua kwa mkono mmoja. Usiseme utakufa wenyewe. Ukiuacha, kuna siku yule uliyemuumiza atakuja mlangoni kwako kukuomba msamaha, na wewe utampa.