Shirika letu lilimwombea mgonjwa wa kwenye riwaya, kisha Mama Mukubwa akafutwa kwenye orodha

Wakuu, nawasalimu kutoka Kasungami, pembeni ya Lubumbashi, huku ambako mtu mmoja anaamka na jembe na jirani yake anaamka na matofali ya kujengea.

Nimesoma nyuzi za humu kwa miaka bila kuandika kitu. Leo naandika kwa sababu nina hasira na hasira yenyewe imekataa kutoka. Nitakayosema nilikuwepo, na sehemu mbaya kuliko zote niliifanya mimi, kwa hiyo sina sababu ya kupamba.

Kiswahili chetu cha Lubumbashi mnakijua. Nitaandika cha darasani, ila watu wakisema nitawaacha waseme kwa mdomo wao.

Mnijue kidogo kwanza.

Nina miaka arobaini na minne. Babu alitoka kaskazini ya Katanga kuja kuchimba shaba, baba akafanya kazi ya reli. Mimi nilirithi safari tu. Nimeuza sabuni na chumvi Mitwaba, nimepanga mizigo ya malori Mokambo mpakani, nimevuka Zambia na kurudi sijui mara ngapi. Nikikaa mahali mwaka mmoja, miguu inaanza kuniwasha. Nikiondoka, nakumbuka nilikotoka mpaka nakosa raha nilikofika. Mpaka leo nikisikia harufu ya samaki wa moshi naikumbuka Mitwaba, na nilipokuwa Mitwaba nililalamika kila siku.

Huko Mokambo ndiko nilikoanza kusoma riwaya za Kikristo.

Lori likisubiri karatasi za forodha, unaweza kukaa siku nne huna la kufanya. Kulikuwa na mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, nimwite Kambale, ambaye kwenye kabini ya lori lake alikuwa na boksi la riwaya hizo, za Kifaransa, karatasi zimekuwa njano. Madereva walimcheka kwamba anasoma vitabu vya akina mama wa maombi. Mimi niliazima kimoja kwa kukosa kazi, na sikuacha tena.

Sioni aibu kusema nazipenda. Ndani yake watu wanafagia, wanapika, wanagombana na wakwe, wanasamehe kwa shida. Mungu hapigi kelele. Unafunga kitabu, unatazama sufuria lako, unaona kumbe nalo ni kitu cha kushukuru.

Tuendelee.

Mwaka jana nilipita Kasungami kumsalimia Mama Mukubwa, yaani dada mkubwa wa mama yangu, ndiye aliyenilea. Nilipanga kukaa wiki mbili. Nilikuta macho yake yamefunikwa na ukungu na miguu imevimba, hawezi kutembea mpaka kanisani. Nikabaki. Na kwa kuwa hawezi kusoma, nikawa namsomea riwaya moja aliyonipa Kambale, nikiigeuza kwa Kiswahili chetu mstari kwa mstari.

Riwaya hiyo inamhusu mjane anayeitwa Adeline, anaoka mikate katika mji wenye baridi. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha tanuri, anataja kwa sauti kitu kimoja anachomshukuru Mungu, lakini kiwe kidogo. Hairuhusiwi kusema uhai wala afya. Lazima iwe kitu kama mlango uliokubali kufunga.

Mama Mukubwa akaichukua tabia hiyo siku hiyohiyo.

"Leo nashukuru juu makala imewaka bila moshi." Makala kwetu ni mkaa, na juu ni kwa sababu.

"Leo nashukuru juu maji ya bomba imekuja mbele nisahau kuingojea."

Kila asubuhi, wakuu. Kusema kweli mwanzoni iliniudhi. Mimi nilikuwa nahesabu miezi niliyopoteza hapo, yeye anashukuru kwa ndoo.

Sasa shida ikaanzia hapa. Mtoto wa Adeline anaugua kifua, hali inakuwa mbaya, daktari anaitwa, na kitabu kinaishia hapo. Kurasa za mwisho zilikuwa zimeng'oka zamani. Kambale mwenyewe hakuwahi kuujua mwisho.

Mama Mukubwa hakulala vizuri. Alhamisi iliyofuata shirika letu likasali kwetu.

Shirika ni kile kikundi cha majirani Wakatoliki, nadhani nyie mnaita jumuiya. Hukutana Alhamisi alasiri, nyumba hadi nyumba, na kwa sababu ya miguu ya Mama Mukubwa walikuwa wanaleta zamu kwetu mara nyingi. Kila mtu anataja nia yake, katibu anaandika majina ya wagonjwa kwenye daftari. Jina likiombewa wiki tatu na mgonjwa hajapona, shirika zima linakwenda kumtembelea na kitu mkononi. Ndiyo desturi yetu, na ni desturi nzuri, sitaisema vibaya.

Zamu yake ikafika, akasema: "Tuombee Adeline. Ni mujane, mutoto yake iko mugonjwa ya kifua, na hana mutu."

Mama Véro, katibu, akaandika. Papa Président, yaani mwenyekiti wa shirika, akanigeukia: "Adeline ni wenu?"

Nikajibu, "Ni mutu ya mbali."

Nilikuwa nacheka moyoni. Niliona ni kichekesho cha kumsimulia Kambale. Wiki ya pili wakamwombea tena. Wiki ya tatu mama mmoja alilia kabisa, kwa sababu naye ana mtoto wa kifua.

Wiki ya nne wakaja na beseni la unga, vipande vya sabuni na mafuta ya kupikia.

"Mama, tumeleta kidogo," akasema Papa Président. "Adeline anakaa wapi, tumufikishie?"

Mama Mukubwa akashangaa kwa dhati. "Adeline? Iko mu kitabu."

"Kitabu gani?"

"Kile mutoto wangu ananisomeaka."

"Kwa hiyo haiko muntu."

"Iko muntu. Haiko tu ya huku."

Wakuu, mwelewe hapa. Mama Mukubwa hakuwa amechanganyikiwa. Alijua tangu mwanzo kwamba ni riwaya. Kwake yeye, mtu akishakuumiza moyo unamwombea, hayo mengine Mungu atajua pa kuyapeleka.

Papa Président alisimama. "Mama, umefanya shirika iseme bongo mbele ya Mungu." Bongo kwetu ni uongo.

"Papa Président," akajibu taratibu, "bale bantu Yesu alikuwa anataja mu mifano yake, banakaa avenue gani?"

Mama Véro alicheka, akajifanya anakohoa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana mwenyekiti wetu anaweza kuvumilia dhambi lakini si kuchekwa.

Akanigeukia. "Na weye, ulijua?"

Nilitazama lile beseni. Watu kumi na wawili walikuwa wananitazama. Nikasema maneno ambayo hata kuyaandika hapa mkono unakataa.

Nikasema, "Mumusamehe. Mama iko muzee sasa, anachanganya."

Mama Mukubwa aligeuza uso kuelekea sauti yangu.

"Aa," akasema Papa Président, kama mtu aliyepewa alichokuwa anatafuta. "Kama anachanganya, basi hata Komunyo atapokea bila kujua anapokea nini." Akachukua daftari kwa Mama Véro, akatafuta ukurasa wa wagonjwa wanaopelekewa Ekaristi nyumbani kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, akapiga mstari kwenye jina lake. Palepale, na kalamu ya kuazima.

Halafu wakabeba unga wao wakaondoka. Nimeishi sehemu nyingi, sijawahi kuona unga uliokuja kwa ajili ya mgonjwa ukirudi kichwani mwa aliyeuleta, na mgonjwa mwingine amekaa palepale kwenye kiti miguu imevimba.

Niulize hivi: nani alimpa mwenyekiti wa majirani mamlaka ya kupima akili za watu? Si padri yule. Si daktari. Huyuhuyu kwenye matanga anasimulia jinsi marehemu alivyokuwa mpole, na sote tunamjua marehemu. Huo si uongo mbele ya Mungu?

Ila nikiwaka hivyo najua kalamu ilikuwa ya Mama Véro, mkono wa Papa Président, na wino wangu.

Jioni ile nilichukua kitabu turudie sura aliyoipenda. Akasema, "Leo usisome. Naweza kuchanganya."

Sikumwambia kwamba jina limefutwa. Macho yake hayakuona ule mstari, na yale maneno ya Komunyo nilijidanganya kwamba aliyachukua kama kitisho tu. Nikajiambia hasira ya mwenyekiti itapoa.

Ijumaa ya kwanza ikafika. Lazima mjue siku hiyo ni nini kwake. Anaoga mapema. Anavaa kitambaa cheupe kichwani. Anatandika kwa mikono yake kile kitambaa kidogo cha meza alichodarizi akiwa msichana, anaweka mshumaa na glasi ya maji. Kisha anakaa wima kwenye kiti kutoka asubuhi, haegemei, mpaka mama wa Komunyo, yule anayeleta Ekaristi nyumbani, aje.

Alikaa hivyo mpaka saa sita. Mpaka saa nane. Nilipita mlangoni mara tano nikijifanya nina kazi uani.

Saa tisa akauliza, "Barabara iko na matope?"

"Hapana, Mama."

Akapapasa meza, akakunja kitambaa mara nne, akanipa glasi nimwage maji.

Kesho yake asubuhi nilisubiri ile sentensi yake. Nilikuwa nimeizoea kuliko nilivyojua. Akaamka, akakaa kitandani, akasema, "Leo nashukuru juu..." Akafikiri. "Hapana. Leo sina."

Mimi ambaye nimeacha miji sita bila kugeuka nyuma, niliketi nje kwenye tofali nikalia.

Alhamisi nikaenda shirikani peke yangu. Ilipofika wakati wa nia, nikasimama. Nikasema Mama Mukubwa hachanganyi kitu. Nikasema mimi ndiye niliyejibu kwamba Adeline ni mtu wa mbali, mimi ndiye niliyewaacha waombe wiki tatu huku nacheka, na nilipobanwa nikamtupia mwanamke aliyenilea aibu yangu. Nikaomba jina lirudishwe.

Papa Président akasema, "Kwa hiyo mukosaji ni weye."

"Ni mimi."

"Bon. Nitauliza Padri. Ni mambo ya utaratibu."

Utaratibu. Kufuta hakukuhitaji Padri.

Nilikuwa bado nimesimama, nikitafuta jibu kali, Mama Véro akainua kalamu. "Na ule mutoto wa Adeline, alipona ao?"

"Mama Véro, tuko mu mambo ya maana," akasema Papa Président.

"Njo hii ya maana. Tuliomba wiki tatu. Batuambie basi."

"Hata miye nilikuwa nataka kuuliza," akasema yule mama aliyelia.

Nikawaambia kurasa za mwisho hazipo. Wakasikitika, wakuu, kwa sauti moja, kama watu waliopewa habari ya jirani.

Nikarudi nyumbani, nikamweleza Mama Mukubwa yote, hata mstari wa kalamu, hata kwamba nilijua siku nzima ile alipokaa kwenye kiti. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mustari niliusikia," akasema. "Kalamu ilikwaruza. Nilikaa tu nione kama batakuja." Kisha: "Leta kitabu. Anzia mwanzo."

Ijumaa ya kwanza iliyofuata mama wa Komunyo alikuja. Nyuma yake, ameshika mshumaa, alikuwa Papa Président mwenyewe. Walisali vizuri. Mama Mukubwa alipokea, akakaa muda mrefu na mikono kwenye kile kitambaa. Mwenyekiti hakuomba msamaha. Mpaka leo hajaomba, na hilo ndilo linaloniwasha kuliko miguu.

Ila akiwa mlangoni anatafuta viatu, aliniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kuonekana anakitaka: "Kurasa zilipotea ni ngapi?"

Nikamwambia kumi, labda kumi na mbili.

"Mu kurasa kumi mutoto anaweza kupona," akasema, akaenda zake.

Kesho yake Mama Mukubwa aliamka akasema, "Leo nashukuru juu Papa Président ameuliza."

Nilimwambia mimi siwezi kushukuru kwa hilo. Akasema hakuniambia nishukuru, nitafute changu. Nikasema basi nashukuru kwa kitanda ambacho hakilii tena tangu nikaze misumari. Akasema kidogo hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Nilichojifunza: mtu anayesema hadithi ni uongo mtazame mara mbili, maana uongo wote uliosemwa katika jambo hili ulisemwa na sisi tuliokuwa na mwili na anwani. Na ukimsemea mzee wako vibaya mbele za watu ili wewe upite salama, anakusikia, hata kama haoni.

Mokambo wananiita, Kambale amepiga simu mara mbili. Bado sijajibu.

Nyie mnaonaje? Nimdai mwenyekiti msamaha mbele ya shirika, au nimwache kama Mama Mukubwa alivyomwacha? Na je, kuna aliyewahi kumwombea mtu wa kwenye hadithi, au ni sisi tu?

Na kama yupo mwenye riwaya ya mjane mwoka mikate, jalada la bluu lenye picha ya tanuri, kurasa zote zikiwa salama, asinisimulie mwisho hapa. Aje Kasungami Alhamisi, kuna watu kumi na watatu wanangoja.