Winnie Hargate Anahamia Goli la Pili

Jumamosi ile Winnie Hargate aliamka na nyonga mpya ya bandia, mkongojo mpya, na hasira zilezile za zamani. Hasira zilimwangukia bintiye Gaynor, aliyekuwa jikoni akipanga vidonge vya mama yake na kutoa amri.

"Mama, leo unakaa jukwaani. Nimeshaongea na watu wa klabu. Wamekuwekea kiti chenye mto."

"Mto wampe refa. Ndiye atakayehitaji kuketi nikishamaliza kumsema."

"Sitanii, mama."

"Na mimi unaniona nacheka?"

Mtu asiyeijua Marlbeck, timu yetu ndogo ya mpira, angeuliza ubaya wa jukwaa ni nini. Lina paa, lina viti, mvua haikupati. Lakini kwetu jukwaani huketi wageni waalikwa, wake za wachezaji, na wazee waliokwisha kukata tamaa. Shabiki husimama. Husimama nyuma ya goli ambalo Marlbeck wanalishambulia, na timu zikibadilishana magoli wakati wa mapumziko, naye hubeba kikombe chake cha chai akahamia upande wa pili kuwafuata washambuliaji wake. Huko kwenye viwanja vikubwa vya kwenye televisheni mtu hununua kiti kimoja akabanwa hapo kama kuku kwenye tenga. Waendelee tu. Sisi tunatembea.

Winnie aliitembea njia ile ya kuhamia akiwa ameshikwa mkono na baba yake. Aliitembea akiwa na mimba ya huyuhuyu Gaynor. Aliitembea miaka yote aliyokuwa mpishi wa shule, mikono ikinuka vitunguu mpaka Jumapili. Na ni kwenye njia ile alikompata mume.

Njia yenyewe ni ya upande usio na jukwaa, nyuma ya mabenchi ya wachezaji wa akiba, na ni nyembamba kweli. Kulia ukuta, kushoto bomba la uzio. Mashabiki wa nyumbani wakielekea upande huu, wa ugenini wanakuja upande ule, na katikati lazima wabanane ukutani wapishane, huku wakitupiana maneno. Siku moja timu ya Coldshaw ilikuja, na kijana mmoja mwenye skafu ya njano akamwambia Winnie, "Dada, una mchuzi kidevuni." Winnie akamjibu kwamba bora mchuzi kidevuni kuliko golikipa mwenye mikono ya siagi. Yule kijana, Clifford, alicheka, akakata pai yake ya nyama katikati, akampa nusu, akaenda zake. Na hao ndio waliokuja kuoana.

Ila Clifford hakubadilisha skafu hata baada ya ndoa. Kila mwaka Coldshaw wakija, mke na mume waliachana getini bila hata kuagana, na wakati wa mapumziko wakakutana palepale kwenye njia, nyuma ya benchi la wageni. Alimpa nusu ya pai, wakatukanana kidogo, kila mmoja akaenda kwenye goli lake. Clifford alikufa majira ya kupukutika majani ya mwaka juzi. Mwaka jana Coldshaw walipokuja, Winnie alikuwa hospitalini na nyonga iliyovunjika. Leo walikuwa wanakuja tena.

Haya yote hakumwambia Gaynor. Alichosema ni, "Nasimama, na nitahama."

Gaynor si mtu mbaya. Ndiye aliyemkuta mama yake sakafuni bafuni, na tangu siku hiyo hakuwa analala vizuri. Aliweka kisanduku cha vidonge chini.

"Sawa. Tuwekeane masharti. Ukifika nyuma ya goli la pili kabla refa hajapuliza filimbi ya kipindi cha pili, sitakusumbua tena. Usipofika, kuanzia mechi ijayo ni jukwaani, na blanketi magotini."

"Lete mkono," alisema Winnie. Wakapeana mikono.

Kipindi cha kwanza kilikuwa matope na upepo. Marlbeck hawakuwa wamepata hata pointi moja tangu Krismasi, na mapema tu wakafungwa bao ambalo golikipa wao, ambaye ni mpeleka barua, aliliacha likapita kama barua yenye anwani ya nyumba nyingine. Winnie alisimama mahali pake, kiganja juu ya bomba. Kando yake alikuwa Norris, dereva wa basi mstaafu mwenye tumbo la kutosha watu wawili, ambaye hujiona mkuu wa mashabiki kwa kuwa sauti yake ni kubwa kuliko ya wengine.

"Refa! Mkeo anajua umetoka bila miwani?"

"Mwache, Norris," alisema Winnie. "Miwani anayo. Kinachokosekana ni macho."

Filimbi ya mapumziko ilipolia, watu wote walikimbilia kibanda cha chai. Winnie hakukimbilia chochote. Aligeuka, akaelekeza mkongojo wake kwenye njia, akaanza. Ng'ambo ya uwanja alimwona Gaynor amesimama jukwaani na koti lake jekundu, akimtazama. Tazama vizuri basi, Winnie aliwaza, na akaongeza hatua.

Alikwenda vizuri. Hilo niliseme wazi, maana baadaye watu walisema mengine. Nyonga ilimuuma, lakini alishawahi kubeba masufuria ya viazi vya watoto wa shule nzima, na maumivu hayakuwa kitu kigeni kwake. Alipita kibendera cha kona, akapita benchi la nyumbani, na muda ulikuwa bado tele.

Alipofika nyuma ya benchi la wageni, Coldshaw walikuwa wanakuja. Kundi zima, skafu za njano. Winnie alijibana ukutani kuwapisha.

"Bibi, unahama bure!" mmoja alimpigia kelele kwa furaha. "Goli hili mtakosa, na lile mtakosa!"

"Wewe pita, mwanangu. Mkosi wenu unakusubiri huko mbele."

Walicheka, wakapita. Na hapo Winnie angeondoka. Njia ilikuwa imeshaanza kufunguka. Lakini alibaki pale na mgongo wake ukutani, akitazama uso mmoja mmoja chini ya kila skafu, mpaka wa mwisho, mzee aliyekuwa akichechemea kuliko hata yeye. Alijua vizuri kabisa kwamba Clifford hayumo. Mguu tu ndio haukujua. Miaka yote hiyo ulisimama hapa ukingoja nusu ya pai, na sasa ulikataa kuondoka kabla haijaja.

Alipokuja kujikokota tena, nyuma yake kulikuwa na zogo. Norris na wenzake walikuwa wameshatoka kwenye chai, na sasa wote walikuwa wamesongamana mgongoni mwake, vikombe mikononi.

"Piteni," alisema bila kugeuka.

"Tupite wapi, Winnie? Juu ya kichwa chako?"

"Msinionee huruma, nawaambia!"

"Nani anakuonea huruma? Chai yangu inamwagika, mtu ananisukuma, pai inapoa. Tembea, mama!"

Winnie alitembea. Aliuma meno akatembea kama alivyowahi kutembea siku ya kumzika mume wake, bila kumtazama mtu. Kibendera cha kona ya pili kilikuwa bado mbali kidogo refa alipopuliza.

Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza. Amekosa. Alimtafuta Gaynor kwa macho, na Gaynor alikuwa ameinamisha kichwa, hana hata furaha ya kushinda.

Na ndipo Kieran Platts, fundi wa plasta anayecheza mbele pale Marlbeck, alipoupata mpira katikati ya matope, akampita mmoja, akateleza, akainuka, akapiga. Bao! La kwanza lake tangu aote ndevu. Alikimbia mikono wazi hadi nyuma ya goli kuwaangukia mashabiki wake, akamkuta mbwa mmoja aliyefungwa kwenye nguzo, na mtu wa bustani za mboga za jirani aliyeshika kabichi. Mashabiki wake wote walikuwa wamekwama kwenye njia nyuma ya bibi mwenye mkongojo.

"Wako wapi?" Kieran alimwuliza mtu wa kabichi, na uwanja mzima ulisikia.

Mechi iliisha sare, bao moja kwa moja. Pointi! Watu walikumbatiana kama waliochukua kombe. Gaynor alizunguka uwanja akamkuta mama yake ameshika bomba kwa mikono yote miwili.

"Mama..."

"Najua. Tulipeana mikono, na sikufika. Mechi ijayo niletee hilo blanketi, wala lisiwe la maua."

"Blanketi gani tena?" Norris aliingilia.

Gaynor alimweleza masharti yao. Norris alisikiliza hadi mwisho, uso ukizidi kuwa mwekundu.

"Gaynor, nisikilize vizuri. Tangu Krismasi tumekuwa tukiwahi kufika kwenye goli lile, tukajipanga vizuri, tukaimba, na tukapata nini? Sifuri. Leo tumechelewa sote, na mvulana kafunga. Mama yako hakai jukwaani. Anatangulia. Na hakuna wa kumpita."

"Huo ni upuuzi, Norris."

"Msimu tuliopanda daraja sikufua soksi tangu Februari. Muulize mke wangu kama ulikuwa upuuzi."

"Mkeo alihamia kwa dada yake," alisema Winnie.

"Lakini daraja tulipanda!"

Walirudi nyumbani kwa gari. Winnie alisema, akitazama dirishani, "Si mguu, Gaynor. Mguu ulikuwa unakwenda. Nilisimama mwenyewe." Akamweleza aliposimama, na alikuwa anangoja nini. Gaynor aliendesha, akapangusa macho kwa mkono wa koti, akaendesha.

Mechi ya nyumbani iliyofuata hakuna aliyeleta blanketi. Filimbi ya mapumziko ilipolia, Marlbeck wakiwa nyuma kwa bao moja kama kawaida yao, Winnie alishika njia. Nyonga ilikuwa imepata nguvu, na upepo ulikuwa unamsukuma mgongoni. Alikata mbuga. Nyuma yake walimfuata wote kwa mstari, na wa kwanza kabisa kwenye mstari, mbele hata ya Norris, alikuwa mtu mwenye koti jekundu.

"Mama!" Gaynor alipiga kelele. "Polepole bwana, utafika mapema!"

"Si ndicho ulichotaka?"

"Hiyo ilikuwa zamani! Punguza mwendo!"

Winnie alipunguza. Nyuma ya benchi la wageni akasimama kabisa, na mstari mzima ukasimama nyuma yake, hata wale ambao hawakujua kwa nini.

"Ni hapa?" aliuliza Gaynor.

"Hapa."

Gaynor alikata pai yake katikati. Nusu kubwa akampa mama yake, na mchuzi ukamchuruzika Winnie mpaka kidevuni. Refa akapuliza filimbi ya kipindi cha pili, na hakuna aliyesogea.